Kalibu za Baba Hazitoki Lewiston

Lewiston, 4 Septemba 2016

Kwa Rolande, mdogo wangu,

Mimi mzima. Nakula, nalala, ngazi zangu napanda mwenyewe bila kushikwa kiwiko. Marcel mwanangu bado yuko Florida anaota jua, alipiga simu siku yangu ya kuzaliwa, dakika nne. Mama Thériault wa duka la mikate amekufa, tulimzika Jumanne, kanisa halikujaa hata nusu, na zamani akifa mtu kama yule mtaa mzima ulifunga milango. Natumaini na wewe u mzima, pamoja na hayo magoti. Salamu zimeisha.

Sasa nakuuliza. Nani alikupa ruhusa ya kumtuma Colette na gari la mizigo mlangoni kwangu? Mtoto anafika Jumamosi, nina maharagwe yangu motoni, sijui hili wala lile, ananiambia, "Mjomba, nimekuja kuchukua kalibu za Babu, Mama amesema mmekubaliana." Tumekubaliana! Wapi? Lini? Mimi na wewe hatujakubaliana neno tangu 1969, uliponiambia unaolewa na yule mvuvi Mprotestanti, nikakwambia acha, ukaolewa.

Nilimpa bakuli la maharagwe, akala, akarudi na gari tupu. Mwambie yeye sikumkasirikia.

Kalibu za Baba hazitoki Lewiston. Jozi kumi na mbili za miguu ya mti ya kuvutia ngozi juu yake, alizichonga kwa mkono wake akitoka zamu ya kiwandani, akaziacha pana mbele na nene juu ya vidole ili mguu uingie kiatuni na soksi mbili za sufu. Jimbo zima la Maine hakuna nyingine. Viatu vya boti vya watu wengine ni vya watalii wa Julai, wanavaa wakanywe kahawa bandarini. Vya kwetu mtu anavaa Januari, sitaha imeganda, na vidole vyake anarudi navyo vyote kumi. Hizo ni kalibu za fundi, na fundi ni mimi. Mwaka 1961 kwenye pikiniki ya kiwanda nilishona jozi kwa dakika ishirini na moja, na aliyekuwa wa pili alikuwa bado anapaka nta uzi wake. Wewe ulikuwepo. Ulipiga makofi.

Usitume gari tena.

Kaka yako,
Ludger Ouellette


Grindle Cove, 19 Septemba 2016

Kaka Ludger,

Huku tunaendelea. Magoti yananiuma, asante kwa kuyakumbuka. Colette amemaliza kupaka boti rangi na ameajiri mtu wa pili kwa msimu wa kome, maana kuburuta wavu wa chuma chini ya bahari mwezi wa baridi si kazi ya mtu mmoja. Kaburi la mume wangu Everett nimelipandia maua mapya. Najua hukuuliza.

Nilimwambia Colette kwamba mimi na wewe tumekubaliana kwa sababu ningemwambia ukweli asingekuja. Hilo nakiri.

Lakini sikiliza kilichonifanya nimtume. Mwezi wa saba Marcel alinipigia. Akaniambia, akicheka, kwamba ana rafiki huko Florida anayetengeneza taa za mezani kwa kalibu za zamani za viatu. "Shangazi, zile za Babu zingependeza sana sebuleni kwa watu." Taa, Ludger! Baba alichonga ile miti miguu ya wavuvi ipate joto, leo itobolewe kisigino ipitishwe waya wa umeme. Una miaka sabini na minane. Siku ukiondoka, Marcel atafika na ndege, na kesho yake hazipo.

Aliniambia na mambo mengine ambayo siyaandiki hapa. Unayajua.

Mimi vidole vyangu vimepinda, siwezi kushika msharasi wa kutobolea ngozi, hilo nalisema bila aibu. Lakini nilikaa benchi lile na Baba miaka sita kabla sijaolewa, na huku kuna wanawake wawili wenye mikono mizuri, nitawafundisha. Wewe umemfundisha nani? Kila aliyekuja ulimfukuza kabla hajapata kiti.

Basi tufanye hivi. Msimu wa kome unafunguliwa Desemba mosi. Mshonee Colette jozi moja ya viatu vya baridi kwenye kalibu za Baba. Jozi moja, mkono mmoja, kama alivyotaka Baba. Vikinyooka, sitataja kalibu mpaka nikuzike. Visiponyooka, au visipofika, zote kumi na mbili zinakuja huku.

Au unaogopa?

Rolande


Lewiston, 2 Oktoba 2016

Rolande,

Mimi mzima. Baridi imeanza, majani mtoni yamegeuka rangi, paa la kanisa wanalitengeneza kwa mara ya tatu na bado linavuja upande wa akina mama.

Kuogopa! Mimi niogope kiatu? Nimeshona viatu miaka hamsini na mbili. Nimemshonea nahodha wa meli ya kupasua barafu, akaniandikia kadi kutoka Greenland, ninayo ukutani, jina langu amelikosea lakini ninayo. Nimekubali. Andika hapo kwamba nimekubali ili kesho usigeuke.

Marcel nimempigia mwenyewe nikamwambia akitoboa hata moja nitarudi kutoka kaburini nimvalishe taa kichwani. Akasema "Baba, ulikuwa mzaha." Kuhusu hayo mambo mengine aliyokwambia, Marcel si daktari.

Sasa nisikilize, na Colette asikilize. Asimame juu ya karatasi asubuhi, si jioni, amevaa soksi zile zile atakazovaa kazini, zote mbili. Uzito wote juu ya mguu mmoja, kisha mwingine. Mchore kwa penseli iliyosimama wima, si ya kulala. Wewe utailaza, nakujua.

Nitatumia ngozi ya fahali iliyoshiba mafuta, ndani ngozi ya kondoo na manyoya yake. Soli nyeupe yenye mikato ya wembe. Si hayo meno ya trekta wanayobandika siku hizi ili kiatu kionekane kidume. Barafu inajaa katikati ya meno, mtu anatembea juu ya barafu aliyoibeba mwenyewe.

Hakuna mtu anayenisumbua hapa. Kuna mama mmoja Msomali ghorofa ya juu, anaitwa Fadumo, anashuka asubuhi kunijazia beseni la kulowekea ngozi, maana beseni ni kubwa. Basi. Anajaza, anaondoka.

Ludger


Grindle Cove, 16 Oktoba 2016

Kaka,

Karatasi hizi hapa. Penseli ilisimama wima. Colette amesimama asubuhi na soksi mbili, akasema, "Mama, Mjomba angetaka na picha ya meno?" Guu la kulia limezidi kidogo, kidole cha pili ni kirefu, kama cha Baba.

Sisi wazima. Tumepata theluji ya kwanza, ikayeyuka.

Mwandiko wako umekuwaje? Barua yako ya mwisho ni kama kuku amepita kwenye unga. Hukuwahi kuandika vizuri, lakini ulikuwa unaandika wima.

Na jambo lingine. Colette anasema siku ile ya Jumamosi, wakati anakula maharagwe yako, alitazama benchi. Aliona mpini wa msharasi umezungushiwa kitambaa mpaka unene wa ngumi. Na aliona viti viwili. Viti viwili, Ludger? Wewe hujamvumilia binadamu karibu na kiwiko chako tangu Baba afe.

Siku arobaini na sita zimebaki. Nahesabu.

Rolande


Lewiston, 13 Novemba 2016

Rolande,

Salamu. Nimechelewa kuandika kwa sababu nafanya kazi, wenzangu wanahesabu siku.

Ngozi ya kwanza waliyoniletea ilikuwa takataka, ya tumboni, inavutika kama unga wa mkate. Niliirudisha. Ya pili ilikuwa nzuri. Lakini unajua kazi hii, au ulijua. Unailoweka usiku kucha, unaivuta juu ya kalibu ingali mbichi, unashona kabla haijakauka, na ikikauka kabla hujamaliza, unaanza upya. Hewa ya nyumba hii ni kavu mno mwaka huu. Imenikaukia mara mbili. Si kosa langu, ni mitambo ya joto, mwenye nyumba ameifungulia kama anataka kutuoka.

Mwandiko wangu ni wa mtu aliyetoka shule na miaka kumi na minne akaenda kulisha wadogo zake, wewe ukiwemo. Ukitaka mwandiko mzuri kamwandikie askofu.

Msharasi nimeuzungushia kitambaa kwa sababu napenda. Kiti cha pili ni cha paka.

Huyo Fadumo wa juu ana watoto wanne na kila mmoja anatembea kwa visigino. Jana ameniletea sambusa za nyama nikamwambia zina pilipili ya kuua farasi. Akaniambia, "Mzee, sahani imerudi tupu, ni farasi gani alikula?" Ana mdomo mrefu huyo mwanamke. Mkaidi. Ukimwambia jambo mara moja anataka ujue yeye alikuwa analijua.

Kiatu kimoja kimekwisha. Cha kulia. Kiko kwenye kalibu kinakauka. Usiniandikie mpaka nimalize.

Ludger


Grindle Cove, 25 Novemba 2016

Ludger,

Jana tulikuwa watu tisa mezani kwa sikukuu ya shukrani, bata mzinga wa kutosha, na kiti kimoja kitupu ambacho kila mwaka nakiweka na kila mwaka mtu fulani haji.

Wewe huna paka. Paka akikukaribia unavimba macho mpaka huoni. Nilipokuwa na miaka tisa Mama alimgawa paka wetu Minou kwa majirani kwa ajili yako, nikalia wiki nzima.

Kiatu kimoja kwa siku arobaini. Aliyeshona jozi kwa dakika ishirini na moja.

Siku sita.

Rolande


Lewiston, 8 Desemba 2016

Kwa Rolande Ouellette, aliyejiita Rolande Gott,

Hivyo hapo. Fungua boksi taratibu, usitumie kisu kirefu.

Najua Desemba mosi imepita. Posta ndiyo iliyochelewa kufungua, na juzi theluji ilikuwa mpaka magotini. Wiki moja si kitu. Colette asiseme alikufa baridi wiki moja.

Tazama hiyo ngozi. Shika hapo pembeni. Nimepaka mafuta ya kondoo na nta kwenye kila tundu, maji yakitaka kuingia yaombe ruhusa. Kamba za ngozi zinazunguka kisigino chote na hazikazwi mpaka juu, nimeziacha ili mtu akianguka baharini ajitoe viatu kwa teke moja. Hilo ndilo Baba alikuwa analipigia kelele, kiatu cha mvuvi lazima kijue kuacha mguu. Wale wa madukani wanafunga kamba mpaka kwenye kifundo, wanamfunga mtu jiwe.

Hakuna mwingine Lewiston anayeweza. Walikuwa mia tatu, waliobaki wako makaburini au kwa wanao wanakula uji. Nimebaki mimi.

Naona sasa kalibu tutazinyamazia.

Ludger


Grindle Cove, 3 Januari 2017

Ludger,

Sikukutakia heri ya Krismasi kwa sababu nilitaka viatu vipate wiki tatu za bahari kwanza. Sisi wazima. Pai ya nyama nilipika kama ya Mama, haikuwa kama ya Mama. Msimu ni mzuri, kome wapo.

Sasa viatu.

Nilipofungua boksi niliviweka mezani, nikavaa miwani, nikakishika cha kushoto kwanza. Ludger, nilikaa chini. Mshono ulikuwa umelala kuelekea kidoleni, sindano ya kulia ikipita chini ya kushoto, vile Baba alivyokuwa anafanya na hakuna mtu mwingine kiwandani aliyefanya. Mikunjo ya mbele ishirini na miwili, nimeihesabu kwa kucha, yote sawa kama meno ya mtoto. Nililia. Naandika hivyo ingawa najua utajisifu kwa hilo mpaka ufe. Nilisema moyoni, basi, mzee bado anao mkono, kalibu zikae.

Kisha nikakishika cha kulia.

Ni nani huyo? Ni mlevi gani ulimwokota mtaani ukampa sindano? Mikunjo kumi na tisa upande mmoja imebanana, mwingine imelegea. Tundu mbili zimepasuka zikaunganika karibu na kidole kidogo, naye akapaka nta juu nisione. Uzi umevutwa hapa kwa hasira na pale kwa kuomba. Nilikitia kwenye sinki la maji, dakika kumi, soksi ikalowa.

Colette alivivaa hata hivyo. Siku ya kwanza alirudi akichechemea, soksi ya kulia imeganda ngumu kama ubao. Akaniambia, "Mama, mguu wa kushoto ulikuwa mbinguni, wa kulia ulikuwa kwenye ndoo. Mjomba amenishonea kiatu kimoja, kingine kanitania." Amebandika raba kwa gundi. Kidole kidogo kimebadilika rangi. Nakitazama kila jioni.

Jozi moja, mkono mmoja. Uliyajua masharti. Mikono miwili haivuti uzi sawasawa na mguu mmoja utalia, ulinifundisha wewe mwenyewe nikiwa na miaka kumi na saba, ukanipiga rula kwenye vidole nilipomwachia mwenzangu Lucienne anisaidie upande mmoja. Ukashona cha kushoto kwa mkono wa Baba, ukachoka au ukaona uvivu, cha kulia ukampa mtu asiyejua kufunga hata gunia, halafu ukaniandikia "nimebaki mimi."

Umeshindwa. Colette atakuja na gari Jumamosi ya kwanza ya Februari. Zifunge kwa magazeti.

Rolande


Lewiston, 22 Januari 2017

Rolande,

Mimi si mzima. Habari za mtaa sina.

Huyo mlevi ni mimi.

Soma tena kama hukuelewa. Cha kulia nimekishona mimi. Aprili nilianguka jikoni, nikalala sakafuni kuanzia saa mbili asubuhi mpaka mchana, mkono wa kulia ukawa kama si wangu. Marcel alikwambia, mimi nikasema si daktari. Madaktari walisema hivyo hivyo alivyosema, kiharusi. Naandika kwa kushoto, ndiyo huyo kuku wako kwenye unga. Msharasi nauzungushia kitambaa kwa sababu vidole havifungi mpaka mwisho. Kile kiatu kilinichukua karibu wiki nne. Ngozi ilinikaukia mara sita, si mbili. Uzi niliuvuta kwa meno upande mmoja, ndiyo hasira uliyoiona. Kidole cha Colette kiwekee maji ya vuguvugu, si ya moto. Niambie kikoje. Nakuomba uniambie.

Cha kushoto ni cha Fadumo.

Miaka mitatu iliyopita alishuka kunigombeza, nyundo yangu inamzuia kulala, anafanya zamu ya usiku kutunza wazee. Nikamwambia hii nyundo ilikuwa hapa kabla hajazaliwa. Akasimama mlangoni anatazama sindano. Anasema, "Kwa nini ya kulia inapita chini?" Miaka hamsini hakuna mtu aliyeniuliza hivyo. Wote walikuwa wanauliza nashona ngapi kwa siku. Nikamwambia kaa au toka. Akakaa. Hicho ndicho kiti cha pili. Kwao alikuwa anashona nguo, vidole vyake vilikuwa vinajua tayari, mimi nilivitukana tu mpaka vikajua ngozi. Nimempiga rula pia, mara moja. Akaninyang'anya rula, akaiweka juu ya kabati nisikofika. Bado iko huko.

Cha kulia kilipokwisha nilikitazama nikajua utakijua. Cha kushoto nisingekiweza hata kukianza. Nikamwambia, shona wewe, lakini uharibu kidogo, vifanane, Rolande ana macho. Unajua alinijibu nini? "Mzee, kuharibu hukunifundisha." Nikamwambia nakuamuru. Akasema, "Basi shona mwenyewe," akainuka. Nikamwita arudi. Akashona vile alivyotaka yeye. Siku mbili, mchana mchana, watoto wakiwa shule. Nilikuwa nakaa pale namtazama na sikuwa na la kumrekebisha hata moja, na nilitafuta.

Ningeweza kukuandikia kwamba cha kushoto ni changu. Umeniwekea mlango wazi kabisa, ukaniambia umelia. Nililala nao siku kumi na tano. Lakini kusema hivyo ningemwibia, na mimi sikuwahi kuiba mshono wa mtu, hata pikiniki ya 1961.

Kwa hiyo nimeshindwa. Sibishi. Jozi ilitakiwa mkono mmoja ikawa mikono miwili, ikachelewa na wiki moja juu yake.

Lakini kalibu haziji huko. Tulia, usirushe barua. Ulisema unazitaka ziende kwa mkono utakaozifanyia kazi, si kwa waya wa taa. Mkono wa Baba uko wapi? Umeuona wewe. Umevaa miwani, umehesabu mikunjo kwa kucha, ukakaa chini, ukalia, ukaandika kwa wino. Sikukwambia mimi. Hao wanawake wako wawili wa ghuba hawajashika hata sindano. Huyu yuko ghorofa ya juu, ngazi kumi na nne.

Nimemwandikia karatasi, ameiona padri na ameweka sahihi. Kalibu ni zake leo, si siku nikifa. Marcel hana kitu hapa. Na wewe huna. Na mimi sina, naomba kuzitumia kama mtu yeyote, na yeye ananinyima.

Mtume Colette akitaka. Atapewa chakula. Gari litarudi tupu.

Ludger


Grindle Cove, 6 Februari 2017

Kwa Bi Fadumo, ghorofa ya juu,

Hatujuani. Mimi ni Rolande, dada wa huyo mzee wa chini. Natumaini wewe na watoto wako wanne hamjambo na theluji hii. Huku tuko salama. Binti yangu Colette yuko baharini leo, upepo si mbaya. Kidole chake kidogo kimerudia rangi yake, kucha imetoka, itaota nyingine. Mwambie mzee hilo la kidole kabla hujaendelea kusoma, maana ameuliza.

Barua hii nimekuandikia wewe kwa sababu yeye sitamwandikia tena mpaka hasira iishe, na umri wangu ni miaka sabini na moja, sijui kama itawahi.

Kwa miaka hamsini nimejisifu kwamba naujua mkono wa baba yangu nikiwa nimefumba macho. Nimeukuta kwenye kiatu chako na nikampa sifa mtu mwingine. Nisamehe. Colette hajakivua hicho cha kushoto ila kulala.

Ndani ya boksi hili kuna cha kulia. Kifumue chote. Ngozi bado ni nzuri ukikata hapo kwenye kidole kidogo, usiitupe. Kishone upya, kwa mkono wako, kiwe ndugu wa yule mwenzake. Chini yake nimeweka karatasi sita za miguu, ni manahodha wa ghuba hii, wote wamekiona hicho cha kushoto bandarini na wananisumbua. Penseli ilisimama wima. Ukizikubali, tuandikiane wewe na mimi. Usimwachie mzee aandike bei wala tarehe, atakuahidia jozi kwa dakika ishirini na moja.

Kalibu ni zako. Gari silitumi. Nilizitaka kwa moyo wote na bado nazitaka, sitakudanganya. Zikipasuka kwenye kisigino, paka mafuta ya kitani, usipake nta.

Aprili barabara zikikauka nitakuja nikuone unavyopitisha hiyo sindano ya kulia. Nitakaa kwako juu, kama una nafasi. Sitapita kwake.

Sasa msomee mstari huu kwa sauti, polepole, ukiwa umesimama mbali na mkono wake wa kushoto: Ludger, ulimfundisha vizuri, na kile kiatu chako ni cha aibu, na usikiguse tena.

Rolande Gott